Vyuo vidogo vya sanaa huria Marekani: maswali ambayo wanafunzi na wazazi huuliza mara kwa mara

Hivi "sanaa huria" ni kuchora na kuigiza?

Hapana, na jina hilo limewakimbiza wengi bure. Vyuo hivi hufundisha fizikia, kemia, hisabati, kompyuta, uchumi, historia, falsafa na lugha, pamoja na muziki na uchoraji. "Huria" linatokana na mapokeo ya kale ya Ulaya, ya masomo yaliyohesabiwa kumfaa mtu huru, tofauti na mafunzo ya kazi moja mahususi. Kwa hiyo mwenye tahasusi ya PCM (fizikia, kemia, hisabati) ana nafasi sawa na mwenye HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza).

Kinachovitambulisha ni ukubwa na kazi yake. Chuo cha kawaida cha aina hii kina wanafunzi 1,500 hadi 2,500, yaani sawa na shule moja kubwa ya bweni nchini Kenya. Karibu wote wanasomea shahada ya kwanza, na wengi wao hukaa bwenini miaka yote minne. Mifano inayojulikana ni Williams (1793) na Amherst (1821) huko Massachusetts, Bowdoin jimboni Maine, Swarthmore jimboni Pennsylvania, Grinnell kule Iowa, Carleton kule Minnesota na Pomona kule California.

Masomo yanakwendaje?

Kwetu mwanafunzi huchagua kozi kabla hajaingia chuoni, kupitia mfumo wa TCU (Tanzania) au KUCCPS (Kenya), na kubadilisha baadaye ni kazi ngumu. Kule unaingia bila fani. Unachukua masomo manne kila muhula kwa mihula minane, jumla 32, na fani kuu unaitangaza mwishoni mwa mwaka wa pili. Fani hiyo hula takribani theluthi ya masomo yote, na yaliyobaki unayatawanya. Aliyejaza uchumi kwenye fomu ya maombi anaweza kumaliza na jiolojia bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Vyuo hutofautiana katika kiasi cha uhuru huo. Amherst na Grinnell hawalazimishi karibu chochote zaidi ya semina moja ya mwaka wa kwanza na masharti ya fani yako. Vingine hudai somo moja au mawili katika kila kundi: sayansi, jamii, sanaa, lugha ya kigeni. Kalenda nazo si moja. Carleton wana mihula mitatu ya wiki kumi, masomo matatu kila muhula. Colorado College husomesha somo moja tu kwa wiki tatu na nusu, kisha lingine, na wamefanya hivyo tangu 1970. Mwendo wa wiki kumi unamuumiza anayechelewa kuzoea. Wiki ya tatu ukiwa bado unatafuta maktaba ilipo, mtihani wa katikati ya muhula umeshafika.

Faida kubwa hasa ni ipi?

Walimu. Mengine yote yanafuata hapo.

Darasa la semina huwa na watu 12 hadi 18, na anayefundisha ni profesa mwenyewe, si mwanafunzi wa uzamivu anayejitafutia posho. Kwa kuwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu hawapo au ni wachache mno, kazi za maabara na utafiti wa kiangazi, ambao mara nyingi hulipwa, huwaangukia wa shahada ya kwanza. Williams wana mfumo ambamo wanafunzi wawili hukaa na profesa mmoja. Wiki hii mmoja anasoma insha yake na mwenzake anaichambua, wiki ijayo wanabadilishana. Hakuna pa kujificha. Ukitaka barua ya kukupeleka kwenye uzamivu, anayekuandikia ameshasoma kurasa zako mia mbili. Ndiyo maana, ukizingatia udogo wake, vyuo kama Swarthmore, Reed na Carleton hutoa watu wengi wanaoendelea hadi kupata PhD.

Faida hiyo ina sharti lake: lazima useme. Kuchangia darasani huhesabiwa kwenye alama, mara nyingi asilimia 10 hadi 20 ya somo. Mwanafunzi aliyelelewa kwenye darasa la watu 60, ambako kumpinga mwalimu ni utovu wa adabu, hukaa kimya muhula mzima na kushangaa akipewa B wakati mitihani yote alifaulu vizuri. Vilevile kuna saa za ofisi, ambazo mwalimu hutenga kwa ajili ya wanafunzi kuingia na kuuliza. Shuleni kwetu anayeitwa ofisini ana kosa, basi wengi hawaendi. Nenda wiki ya kwanza, hata kama swali ni dogo.

Na hasara?

Udogo ule ule. Idara inaweza kuwa na walimu watano, na mwaka wowote mmoja au wawili wako likizo ya utafiti. Masomo ya juu hufundishwa kila baada ya mwaka mmoja. Likikupita mwaka wa tatu, huenda usilipate tena. Kabla ya kuomba, fungua orodha ya masomo ya miaka miwili iliyopita, si ile orodha kuu inayotaja kila kitu kilichowahi kufundishwa, uhesabu masomo ya juu yaliyotolewa kweli kwenye fani unayoipenda. Kwa kompyuta na hisabati hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha tofauti kati ya chuo na chuo.

Baadhi wamepunguza tatizo kwa kuungana. Pomona na wenzake wanne wa Claremont wako pua na mdomo, na mwanafunzi wa kimoja husoma kingine. Swarthmore, Haverford na Bryn Mawr wana utaratibu kama huo. Amherst, Smith na Mount Holyoke hubadilishana masomo na chuo kikuu cha umma cha Massachusetts kilicho jirani, na basi lipo. Grinnell iko peke yake katikati ya mashamba ya mahindi, karibu kilomita 90 kutoka Des Moines.

Halafu kuna kujuana. Ukiachana na mpenzi au ukigombana na mwenzako wa chumba, kesho mtakutana kwenye foleni ya chakula, na keshokutwa pia. Wengine hilo huwapa joto la nyumbani, wengine huwabana kooni. Mwenye kutaka kupotea kwenye umati atafute chuo kikubwa.

Nikirudi nyumbani, mwajiri atakijua chuo hicho?

Pengine hapana, na tatizo linaanzia kwenye neno "College". Afrika Mashariki neno hilo huashiria cheti au stashahada, kwa hiyo ofisa wa ajira anaweza kudhani hujafika chuo kikuu. Tatizo la pili ni kwamba vyuo vingi vya aina hii, Amherst na Williams vikiwemo, hutoa BA tu, hata kwa aliyesoma fizikia miaka minne. Tangazo la kazi likisema BSc, mchujo wa kwanza unaweza kukutupa nje. La tatu, hakuna daraja la kwanza wala la pili la juu. Kuna wastani wa GPA kati ya 0 na 4.

Hayo hutibika kwa karatasi. Kwenye wasifu andika wazi kuwa ni shahada ya kwanza ya miaka minne, taja fani, weka GPA pamoja na kiwango chake cha juu. Kwa Tanzania, peleka cheti na matokeo TCU upate utambuzi mara tu unaporudi, usingoje tangazo la kazi litoke. Hakikisha pia chuo kimepewa ithibati na chombo kinachotambuliwa na wizara ya elimu ya Marekani, maana bila hiyo hakuna wa kukutambua.

Kwa wenye wasiwasi kuwa chuo kidogo humaliza mtu: Wangari Maathai alisomea baiolojia Mount St. Scholastica, mji mdogo wa Atchison jimboni Kansas, akamaliza 1964, na ndiye aliyepata Nobel ya Amani 2004. Kofi Annan alitoka Macalester, Minnesota, mwaka 1961.

Nataka kuwa daktari, mhandisi au mwanasheria. Nitafika?

Hapa ndipo tunapowaomba wazazi wasome mara mbili.

Udaktari Marekani husomwa baada ya shahada ya kwanza: miaka minne ya chuo, kisha minne mingine ya shule ya tiba. Shule nyingi za tiba hazichukui wageni, na nyingi kati ya zinazochukua hudai fedha za miaka kadhaa ziwekwe benki kabla ya kuanza. Anayetaka kutibu Mwanza au Kisumu, aende moja kwa moja kwenye shahada ya udaktari Afrika Mashariki. Njia ya kupitia chuo kidogo ni ndefu, na mlango wake wa mwisho huenda usifunguke.

Sheria ni vivyo hivyo: BA ya siasa si LLB, na haikuingizi kwenye mafunzo ya uwakili nyumbani.

Uhandisi una njia mbili. Ya kwanza ni vyuo vidogo vyenye uhandisi wenye ithibati ya ABET, chombo cha Marekani kinachokagua programu za uhandisi: Harvey Mudd, Swarthmore, Smith (cha wanawake) na Lafayette. Hiyo tunaipendekeza, maana bodi ya wahandisi nyumbani itauliza ithibati hiyo. Ya pili ni mpango wa miaka mitatu chuo kidogo na miwili chuo kikuu kama Columbia au Washington University in St. Louis, unatoka na shahada mbili. Kwenye vipeperushi unapendeza. Shida ni kwamba msaada wa fedha haumfuati mwanafunzi: chuo cha pili kina sheria zake, na mgeni aliyesomeshwa bure miaka mitatu anaweza kufika mlangoni mwa cha pili akatakiwa kulipa kamili. Kabla ya kuuchagua, omba jibu la maandishi kutoka chuo cha pili kuhusu msaada kwa wasio raia.

Bei yake inatisha. Kuna anayelipa hiyo?

Bei iliyoandikwa, yaani ada, chumba na chakula, imepita dola 80,000 kwa mwaka kwenye vyuo vingi vya daraja la juu, na vingine vimevuka 90,000. Wapo wanaolipa. Wengi hawalipi yote, na mwanafunzi kutoka familia ya kawaida Afrika Mashariki anaweza kulipa karibu sifuri, mradi apate chuo chenye fedha na kinachompa asiye raia.

Vyuo viko katika makundi matatu, na kuyachanganya ndilo kosa tunaloliona zaidi ya yote. Kundi la kwanza hudahili bila kuangalia mfuko wako, hata kama ni mgeni, kisha hufidia mahitaji yako yote. Ni wachache mno, na kati ya vyuo vidogo Amherst na Bowdoin wamo. Kundi la pili huangalia uwezo wako wakati wa kuamua, lakini wakikuchukua wanafidia yote: Williams, Swarthmore na Pomona wako hapa. Hawa wana bajeti ya wageni, kwa hiyo anayeomba dola 80,000 anashindana vikali kuliko anayeomba 20,000. Kundi la tatu hukudahili, kukupongeza, na kukupa punguzo la dola 25,000 kwenye bei ya 70,000. Barua ya kundi hili huleta nderemo nyumbani na kilio mwezi wa tano. Sera hubadilika, kwa hiyo soma ukurasa wa chuo wa mwaka unaoomba.

Berea, Kentucky, ni wa aina yake: hawatozi ada ya masomo kwa mwanafunzi yeyote tangu 1892, na kila mmoja hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki. Nafasi za wageni ni chache.

Vyuo vikubwa vya umma, kwa kulinganisha, humpa mgeni wa shahada ya kwanza msaada kidogo sana. Bei yao iliyoandikwa ni ndogo, lakini huenda ndiyo utakayolipa kweli.

Wakisema "tunafidia yote", kuna kitakachobaki kwangu?

Kipo. Uliza kimoja kimoja: nauli ya ndege, bima ya afya, vitabu, nguo za baridi, chumba wakati wa kiangazi. Chuo kimoja huingiza bima kwenye msaada, kingine hukuletea bili ya dola elfu kadhaa mwezi wa nane.

Kisha kuna kodi, ambayo karibu hakuna anayeitaja. Serikali ya Marekani haitozi kodi sehemu ya ufadhili inayolipia ada na vitabu. Sehemu ya chumba na chakula huitoza, na kwa mwenye viza ya mwanafunzi chuo hukata asilimia 14. Tuseme ufadhili wako ni dola 85,000, ambapo 66,000 ni ada na 19,000 ni chumba na chakula. Asilimia 14 ya 19,000 ni dola 2,660, na inaweza kuonekana kama deni kwenye akaunti yako ya chuo. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi na Marekani wa kukuondolea mzigo huo. Mwaka unaofuata ukijaza fomu ya kodi ya 1040-NR unaweza kurudishiwa sehemu, lakini fedha ya kwanza lazima itoke mahali. Vyuo vingine huilipa kwa niaba yako au hukuruhusu ulipe kidogo kidogo kutoka mshahara wa kazi ya chuoni. Uliza kabla hujasaini.

Kazi ya chuoni yenyewe inaruhusiwa hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Nje ya chuo bila kibali, hata siku moja ya kuosha vyombo, inaweza kukugharimu viza.

Fomu ya CSS Profile inajazwaje kama wazazi ni wakulima au wana genge sokoni?

CSS Profile, fomu ambayo vyuo vingi hutumia kupima uwezo wa familia kabla ya kutoa msaada, imetengenezwa kwa familia zenye hati za mshahara na kodi, lakini hujazika. Ada yake ni dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata. Kabla ya kulipa, muulize ofisa wa udahili kama wana msimbo wa msamaha au wanapokea fomu nyingine ya bure. Wengi hujibu ndani ya siku chache.

Andaa kwanza daftari la mwaka mzima: magunia mangapi yaliuzwa na kwa bei gani, genge linaingiza kiasi gani kwa wiki baada ya kutoa mtaji, kodi ya nyumba, ada za wadogo zako, fedha anazotuma mjomba. Badilisha shilingi kuwa dola kwa kiwango kimoja cha siku moja na ukitaje. Mahindi mliyokula wenyewe si mapato ya fedha taslimu. Yaeleze kwenye nafasi ya maelezo. Mzazi asiye na hati ya mshahara apate barua ya mtendaji wa kata au chifu, yenye muhuri na tafsiri ya Kiingereza.

Fomu hukwama mara nyingi kwa sababu hesabu hazikai pamoja. Familia inaandika mapato ya dola 1,500 kwa mwaka na ada ya shule binafsi ya dola 3,000. Msomaji wa fomu hatauliza mara mbili. Atadhani kuna kitu kimefichwa. Kama shangazi ndiye anayelipa, sema ni shangazi. Kosa jingine ni kuandika kuwa familia itachangia dola 10,000 kwa kudhani itaongeza nafasi ya kuchukuliwa. Kiasi hicho kitadaiwa kila mwaka, miaka minne.

Niombe kwa Early Decision?

Huo ni mpango wa kuomba mapema, Novemba, kwa ahadi kwamba wakikuchukua utaenda kwao na kufuta maombi mengine. Majibu hutoka katikati ya Desemba. Vingi vina duru ya pili Januari. Kwa mhitaji wa msaada mkubwa tunaona inafaa pale tu chuo ni cha kundi la kwanza au la pili. Fedha zisipotosha unaruhusiwa kujitoa kwenye ahadi, ila utakuwa umebaki na wiki mbili za kumaliza maombi mengine. Yaandike mapema, uyaweke tayari.

Nianze lini?

Fomu ya Common Application, fomu moja ya kuomba vyuo vingi, hufunguliwa tarehe 1 Agosti na huchukua hadi vyuo 20. Maombi ya kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari, majibu hutoka kufikia mwanzo wa Aprili, na mwisho wa kukubali ni 1 Mei. Masomo huanza mwishoni mwa Agosti.

Kalenda zetu hazikai sawa na hiyo. Mtahiniwa wa KCSE humaliza Novemba na matokeo hutoka Januari, mlango ukiwa umeshafungwa au unafungwa. Mwanafunzi wa kidato cha sita Tanzania hufanya mtihani Mei na kupata matokeo Julai. Wengi basi huomba baada ya kumaliza, na kukaa nyumbani karibu mwaka. Si aibu, na chuo hakitakunyima kwa hilo, lakini kieleze ulifanya nini: ulifundisha hisabati, ulilima, ulisimamia duka. Anayetaka kuomba akiwa bado shuleni atahitaji alama za mihula iliyopita na makisio ya matokeo kutoka kwa mwalimu.

Mwalimu ndiye kikwazo kisichotarajiwa. Mkuu wa shule na walimu wawili lazima wapakie nyaraka wenyewe kwa barua pepe zao, na wengi hawajawahi. Wape wiki sita, kaa nao kwenye kompyuta, hakikisha kiungo hakijaangukia kwenye barua taka. Barua isemayo "ana nidhamu na bidii" haisaidii kitu, kwa sababu kila mtoto Afrika Mashariki ana barua hiyo. Mkumbushe mwalimu, kwa karatasi moja ya heshima, tukio moja au mawili: jaribio ulilolirudia mara nne, kikundi ulichokianzisha. Insha yako ina maneno 250 hadi 650. Usiipambe kwa umaskini. Wasomaji wameona umaskini mwingi, wewe hawajakuona.

Ada ya maombi isikuzuie: Grinnell na Carleton hawatozi, na wengine husamehe ukiomba.

SAT na IELTS ni lazima?

SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, ni hiari kwa vyuo vingi vidogo. Bowdoin waliacha kuilazimisha tangu 1969. Ukiwa na alama nzuri ya hisabati peleka. Kwa Kiingereza, vyuo vingi humsamehe aliyesoma sekondari kwa Kiingereza, kwa hiyo mtu wa Kenya, Uganda au Tanzania aombe msamaha kabla ya kulipia mtihani. Anayetoka Burundi au Kongo aliyesoma kwa Kifaransa atahitaji mtihani.

Viza je?

Anza na hili: tangu Juni 2025 Marekani imeweka vizuizi vya viza, zikiwemo za wanafunzi, kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwa mojawapo, na orodha imekuwa ikibadilika. Angalia tovuti ya ubalozi wa Marekani wa nchi yako kabla hujatumia hata shilingi.

Kama njia iko wazi, chuo hukutumia fomu I-20 ya kuthibitisha udahili, unalipa dola 350 za SEVIS (mfumo wa serikali wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni), unajaza fomu ya viza DS-160, unalipa ada ya viza na kupanga usaili. Usaili huchukua dakika chache. Swali linaloangusha watu wa vyuo vidogo ni "kwa nini chuo hiki?" Jibu la "walinipa ufadhili" ni la kweli ila halitoshi, taja idara, somo, mwalimu. Vituo vya EducationUSA Nairobi, Dar es Salaam na Kampala hutoa ushauri bila malipo.

Ukimaliza, viza hii hukupa miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na fani, na miezi 24 ya nyongeza kwa fani zinazohesabiwa za sayansi na teknolojia. Uchumi huhesabiwa au hauhesabiwi kulingana na msimbo ambao chuo kimeipa fani hiyo. Uliza msimbo. Kati ya vyuo viwili vinavyolingana, huo pekee unaweza kuwa na uzito wa miaka miwili ya mshahara.

Maisha ya huko yakoje kwa Mwafrika?

Baridi kwanza. Minnesota Januari inaweza kushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Usinunue koti mtumbani kabla ya kuondoka, la huku haliwezi. Vyuo vingi vina mfuko wa nguo za baridi kwa wanafunzi wa kigeni, ila hutolewa kwa anayeuliza.

Mabweni mengine hufungwa likizo ya Desemba. Uliza mapema utalala wapi wiki tatu hizo. Nywele na unga wa sembe hutegemea mji: Bates iko Lewiston, Maine, mji wenye Wasomali wengi, na Macalester iko St. Paul, penye jumuiya kubwa za Waafrika. Kwenye mji wa watu elfu nane hutapata msusi, utajifunza kusuka mwenyewe. Muulize mwanafunzi wa Kiafrika aliyeko mwaka wa tatu, si wa mwaka wa kwanza ambaye bado yuko fungate.

Chuo kinaweza kufungwa nikiwa ndani?

Kinaweza. Mount Ida kilifungwa 2018, Green Mountain 2019, Cazenovia 2023. Wells, cha New York, kilitangaza Aprili 2024 kuwa muhula huo ndio wa mwisho, na Birmingham-Southern kilifungwa mwezi uliofuata. Sababu hufanana: wanafunzi wamepungua, wakfu (akiba ya kudumu ya chuo) ni mdogo, na punguzo la ada linatolewa kwa fedha isiyokuwepo. Kwa mgeni ni kubaya zaidi, maana kumbukumbu zako za SEVIS lazima zihamishiwe chuo kingine kwa muda mfupi, na msaada hauhami nazo.

Gawanya wakfu kwa idadi ya wanafunzi. Wakfu wa Williams umepita dola bilioni 3 kwa wanafunzi kama 2,000, yaani zaidi ya milioni moja na nusu kwa kila mmoja. Chuo chenye dola 30,000 kwa mwanafunzi, kilichofuta fani mbili mwaka jana na kinachokuandikia barua pepe kila wiki kukubembeleza, tunashauri ukiache.

Wakala anasema atanipatia nafasi kwa dola 1,000. Nimpe?

Usimpe. Vyuo tulivyovitaja haviuzi nafasi, na fomu zote unajaza mwenyewe. Insha aliyokuandikia wakala ikigundulika, udahili hufutwa hata ukiwa tayari darasani.

Kuna elimu ya namna hii karibu na nyumbani?

Ashesi, Ghana, ndicho mfano unaotajwa zaidi. Mwanzilishi wake, Patrick Awuah, alisoma Swarthmore, akakifungua 2002 akiiga mtindo huo, na uhandisi upo.

Nimechukuliwa, ila kuna pengo la dola 6,000 kwa mwaka. Nifanyeje?

Andika kwa ofisi ya msaada ndani ya wiki moja. Barua iwe ya ukurasa mmoja: kiasi kamili kinachopungua, kilichobadilika tangu ujaze fomu (mzazi kaugua, mavuno yameharibika, shilingi imeshuka), na hati za kuthibitisha. Kama chuo kingine cha kiwango kile kile kimekupa zaidi, ambatisha barua yao. Vyuo vyenye fedha hupitia upya, na mara nyingine huongeza.

Wasipoongeza, zidisha pengo kwa nne, uongeze ongezeko la bei la kila mwaka: 6,000 inakuwa zaidi ya 24,000. Michango ya ukoo na harambee hujaza mwaka wa kwanza, mara chache wa pili. Usikubali nafasi ukitumaini kazi ya chuoni itaziba, maana mshahara wake mara nyingi umeshahesabiwa kwenye barua ya msaada. Angalia mstari huo kwanza kabla ya kumpigia mjomba.